Maji ya Asekon

Akidor aliwadharau wageni wale tangu asubuhi ya kwanza, walipojipanga mstari kumpiga picha punda wake Napus akijisaidia. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao Nairobi, wanachekelea mavi! Alisonya, akakaza kamba ya mzigo, akaendelea na shughuli yake. Kwa Waturkana kupakia punda ni kazi ya wanawake, naye alikuwa ameifanya miaka arobaini, hakuhitaji pole ya mtu wala hongera.

Wageni walikuwa wanne. Bwana Kithinji, mkubwa wa ofisi fulani, alitembea na fimbo mbili za chuma, moja kila mkono, kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Mkewe, Mukami, aliuliza maswali tangu jua kuchomoza. Wawili waliobaki walikuwa marafiki zao, na hao walinyamaza zaidi, kwa sababu malengelenge ya miguuni yalikuwa yamewafunga midomo. Safari ilikuwa ya siku tano kwa miguu, kutoka vilima vya mawe meusi mpaka ziwani. Hii ilikuwa siku ya nne, na toka juu ya kilima ziwa lilikuwa limeshaanza kuonekana, mstari mwembamba wa kijani huko mbali.

Lakini wageni ni wageni tu. Aliyemkata maini Akidor hasa ni Ekuwam, kiongozi wa msafara. Kijana wa ukoo wake mwenyewe! Alimwona akitambaa uchi vumbini, kamasi mpaka kidevuni. Leo anavaa kofia yenye kamba, anatembea mbele na mikono nyuma, na kazi yake ni kupiga chuku.

"Mti huu," aliwaambia wageni jana yake, akipapasa gome la mgunga, "una miaka elfu mbili. Mashujaa wetu walikuwa wanaapa hapa kabla ya kwenda vitani."

Akidor aliujua mti ule ungali mche. Aliwahi kumfunga mbuzi pale, mbuzi akaung'oa nusu.

"Muongo mkubwa wewe," alimwambia kwa Kiturkana. "Mti huu mimi ni dada yake mkubwa."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mashujaa gani waliapa hapa? Baba yako? Baba yako alikuwa anaogopa hata fisi kilema."

"Anasemaje?" Mukami akauliza kwa hamu.

"Anasema mti una baraka nyingi," Ekuwam akajibu, jasho likimtoka chini ya kofia.

Jambo moja wageni hawakulijua. Akidor alikuwa amepika miaka sita kwenye shule moja ya Lodwar, na Kiswahili alikijua vizuri kabisa. Hawakumuuliza, naye hakuona sababu ya kuwaambia. Kwa hiyo walimzungumzia mbele ya uso wake kama vile wanazungumza habari za jiwe. "Huyu mama ana sura kali, sijui huwa anawaza nini," Mukami alisema siku ya pili. Kithinji akajibu kwamba watu wa huku hawawazi sana, ndiyo maana hawana presha. Akidor alimeza lile neno bila kupepesa macho, akalihifadhi.

Ekuwam alijua kwamba mama huyu anasikia kila kitu, na hilo lilimkosesha usingizi. Akidor naye hakuacha kumkumbusha. "Iko siku nitafungua mdomo kwa Kiswahili chao," alikuwa akimwambia kila akimaliza uongo mmoja. "Niwaambie wewe ni nani. Utarudi kwa mama yako umeishika hiyo kofia mkononi."

"Mama, usinivunjie kazi. Sina nyingine."

"Kusema uongo nayo ni kazi? Basi fisi nao wameajiriwa."

Siku hiyo ya nne walikuwa na shida ya kweli. Bwawa walilolitegemea jana yake walilikuta limekauka, na punda hawakuwa wamekunywa tangu juzi. Maji yaliyobaki kwenye madumu yalikuwa ya watu, na hata hayo ni ya kupimiana. Punda watatu walivumilia, wazee wale, wamezoea kuteseka. Aliyemtia Akidor hofu ni Napus. Alikuwa na mimba pevu, na ingawa alibebeshwa magodoro matupu, tangu alfajiri alikuwa akisimama kila hatua ishirini, ameinamisha kichwa. Napus alikuwa jike pekee. Akifa yeye na mtoto wake, wale wazee watatu wangefuata baada ya mwaka mmoja au miwili, na Akidor angemaliza uzee wake akibeba maji kichwani kama msichana wa kuolewa.

"Mama," Ekuwam alisema taratibu, "hapa mpaka kwa Asekon ni saa moja. Kisima chake kina maji. Nilipita mwezi uliopita."

Akidor akabenua midomo. "Kwa nani?"

"Umenisikia."

Asekon alikuwa mke mwenzake, mke mdogo wa marehemu. Mwaka ule mume wao alipofariki, Akidor alimtimua nyumbani mbele ya majirani, akamwambia kwamba mikono yake ni ya kupaka mafuta, haiwezi kuchimba hata shimo la kumzika paka. Asekon aliondoka na mbuzi wake saba bila kujibu. Baadaye zikaja habari kwamba amechimba kisima kwenye laga, ule mto wa mchanga upande wa kusini, yeye na mdogo wake tu. Akidor alizicheka habari hizo. Kisima gani? Kidimbwi!

Na kisima cha mtu kina utaratibu wake. Binadamu mwenye kiu hunywa popote, hakuna wa kumuuliza. Mnyama ni habari nyingine. Huwezi kunywesha mnyama wako mpaka uweke fimbo chini, umtaje mwenye kisima kwa jina lake, uombe kwa sauti ambayo kila aliyepo ataisikia.

"Mimi nimtaje yule?" Akidor akasema. "Mimi? Nina kisima changu, nilichimba na mume wangu, pale laga inapopinda. Twende huko."

"Mama, mvua za mwaka jana zilikuwa kubwa. Laga imebadilika."

"Laga imekwambia wewe? Au umeisoma kwenye simu?"

Wakaenda. Mwendo wa saa tatu, jua utosini, upepo unawapiga mchanga wa macho. Kithinji alilalamika kwamba ratiba haikusema hivyo. Walipofika, Akidor alisimama akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Miti ya mikoma aliyoijua ilikuwepo, lakini mto ulikuwa umehama. Mafuriko yalikuwa yamekata njia mpya ng'ambo ile, na mahali pa kisima chake palikuwa pamejaa mchanga, umelala sawasawa kama uwanja wa mpira.

Alichukua bakuli la mbao, akapiga magoti, akaanza kuchimba. Ekuwam alivua kofia akachimba naye. Walichimba mpaka kiunoni, mpaka mabegani, mchanga ukabadilika rangi, Akidor akaushika kiganjani akaukuta una unyevu kidogo, moyo ukamruka. Kisha bakuli likagonga mwamba. Chini ya hapo hapakuwa na kitu cha kuchimba.

Alipotoka shimoni alimkuta Kithinji ameketi kivulini, anajimwagia maji ya dumu miguuni. Maji ya kunywa! Akidor alimtazama mwanamume yule, na vidole vyake vya miguu vilivyopauka na kulegea, akaona kwamba hata kumtukana ni kumpa heshima. Ndipo akasikia kishindo. Napus alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, ulimi umegusa mchanga.

Yeye na Ekuwam walimwinua wawili tu, huku wageni wakishangaa. Magodoro wakayabeba wageni wenyewe. Akidor alishika kamba akageuza njia kuelekea kusini, na hakumwambia mtu wanakwenda wapi. Ekuwam hakusema kwamba alimwonya. Hilo lilimuudhi Akidor kuliko kama angesema.

Walifika alasiri. Asekon alikuwepo, anamalizia kunywesha mbuzi wake, na mbuzi hawakuwa saba tena. Kisima kilikuwa kimezungushiwa uzio wa miiba uliopangwa vizuri, na hori la mbao limelazwa kando. Akidor alichungulia. Kina chake kilikuwa cha watu watatu waliosimamiana mabegani, kuta zimekandikwa, ngazi zimechongwa za kukanyagia, na huko chini maji yanametameta. Ile mikono ya kupaka mafuta ilikuwa imefanya hivi.

"Umezeeka," Asekon alimsalimu.

"Na wewe umenenepa."

"Maji yapo, ndiyo maana." Asekon aliegemea fimbo yake. "Watu wako wanywe, wasiulize. Hao wengine unajua inavyokwenda."

Wageni waliona kuna jambo, wakatoa simu zao. Napus alikuwa amenusa maji, anatetemeka miguu yote minne. Akidor alimtazama, akatazama simu zile, akatazama uso wa Asekon ambao haukuonyesha kitu. Ee Mungu wangu, angalau asingekuwepo mtu! Akainama, akalaza fimbo yake mchangani.

"Maji haya ni ya Asekon," akasema kwa Kiturkana. "Naomba niwanyweshe punda wangu."

"Sijasikia vizuri," Asekon akasema. "Masikio yangu mavivu, kama mikono yangu."

Akidor alijikuta analengwa na machozi, yeye, mbele ya wale watu. Akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka mbuzi wakageuka. "Maji haya ni ya Asekon! Asekon alikichimba kisima hiki kwa mikono yake! Naomba maji!"

Asekon aliangalia chini kidogo. "Wanyweshe," akasema, sauti si ile ya kwanza, na yeye mwenyewe akashuka kisimani kuteka. Napus alitumbukiza mdomo horini, akanywa, masikio yakicheza kwa kila funda.

"Ekuwam, hiyo ilikuwa nini?" Mukami alinong'ona. "Mbona ameweka fimbo chini? Mbona sauti inamtetemeka?"

Ekuwam akamtazama Akidor. Siku nne za matusi zilikuwa mdomoni mwake, na ukweli, kwa mara ya kwanza, ungemnufaisha. Akidor alisubiri. Aliona kijana ana haki ya kulipiza.

"Anabariki kisima," Ekuwam akasema. "Huyu ndiye mkubwa wa wanawake wa ukoo wetu. Hakuna kisima kinachoguswa huku kabla yeye hajakitamkia."

Mukami alishika kifua. Wale marafiki wawili wakapiga makofi. Lakini Kithinji hakupiga. Jua na malengelenge vilikuwa vimemwamsha akili.

"Wewe kijana," akasema, "naona unatupiga kamba. Yule mama alikuwa anaomba, mtoto mdogo angeona. Na ule mti wako wa jana niliutazama vizuri. Miaka elfu mbili gani? Nikirudi mjini nitawaambia waliokuajiri kwamba kila neno ulilotuambia ni uongo. Haya, sema ukweli. Alikuwa anasema nini?"

Ekuwam alivua kofia. Aliishika mkononi, kama Akidor alivyomtabiria.

Akidor aliokota fimbo yake, akaifuta mchanga kwa shuka, bila haraka.

"Amesema kweli," akasema kwa Kiswahili safi. "Nilikuwa nabariki kisima."

Kithinji alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mukami alifunika mdomo, na ilionekana wazi kwamba anakumbuka, neno kwa neno, yote waliyoyasema siku nne nyuma ya punda.

"Mama... kumbe unasikia?"

"Nasikia. Presha tu ndiyo sina."

Kithinji alikohoa, akatafuta pa kuweka fimbo zake mbili, na kwa sauti ya mtu anayejaribu kujiokoa akauliza, "Na... na ule mti, mama? Kweli una miaka elfu mbili?"

Akidor alimtazama Ekuwam na kofia yake, akakumbuka kamasi zote za utotoni.

"Elfu tatu," akasema, akashuka ngazi za kisima kumpokea Asekon bakuli.