Kukaa au Kusimama

Wateja walimwita Malkia kwa sababu alikuwa hageuzi shingo. Ukimsalimu, aligeuka mwili mzima kama lango, na wasiomjua walidhani anaringa. Shingo ilikakamaa tangu utotoni, baada ya kuanguka ngazini. Alishazoea. Mikono yake ilikuwa mizima, na ndiyo iliyomlisha: alisuka nywele nyembamba kama uzi, huku akiwachekesha wenye vichwa vyepesi kuuma hadi wakasahau maumivu.

Kisha mgongo ukavimba. Daktari wa kwanza alihofia saratani, akakata kinyama ili kipimwe. Saratani haikuonekana, lakini palipokatwa pakaota mfupa, ukalivuta bega upande.

Daktari wa pili, mama wa makamo, hakuanza na mgongo. Alimvua viatu, akavitazama vidole gumba vya miguu alivyozaliwa navyo vikiwa vimepinda. 

"Mwanangu, usikubali kukatwa tena."

"Kwa nini, daktari?"

"Vidole hivi vinaonyesha ulivyozaliwa: nyama yako ikiumia haiponi kama ya wengine. Panavimba, panapata moto, mishipa mipya ya damu inachipua. Mishipa hiyo inaulisha uvimbe, na nyama inageuka mfupa. Ni mfupa mzuri tu, hauna ugonjwa. Umeota pasipotakiwa, basi."

Mume wa Malkia, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyemsindikiza, akauliza kama mfupa huo haung'oleki.

"Ukiung'oa, unarudi na wenzake."

"Na dawa?"

"Za kutuliza uvimbe ninazo. Ya kuuzuia kabisa sina." Akaibonyeza nyonga ya Malkia, iliyokuwa ya moto tangu juzi. "Hii nayo inajifunga. Ikishakaza haifunguki. Kaeni mzungumze: ikaze akiwa amekaa, au amesimama."

Walizungumza chumbani kwao, yeye ameegemea kabati, mume ukingoni mwa kitanda.

"Kaa," mume alisema. "Nitakuundia kiti cha magurudumu. Nitakusukuma popote."

"Nikikaa nitasukaje? Bega hili halinyanyuki. Kichwa cha mtu lazima kiwe chini yangu."

"Utatafuta kazi nyingine."

"Ipi, mume wangu? Mimi najua vichwa vya watu tu."

Fundi alibisha, akanuna, mwisho akasalimu amri. Aliunda fremu ya kuegemea, akaivika sponji ya godoro kuukuu. Malkia akaukaza mguu ukiwa umenyooka, akiuma kitambaa kwa maumivu, mpaka nyonga ikafunga. Hakukaa tena.

Alirudi saluni. Aliegemea fremu, mteja kwenye kigoda mbele yake, vidole vikikimbia kama zamani. "Umbea wenu nauchukua nikiwa wima," aliwaambia, "haunilemei." Miezi ilivyopita, mume alianza kuamini kwamba mkewe alichagua vyema.

Ndipo kiwiko cha kulia kikapata moto. Hakujigonga popote. Alikificha ndani ya mkono mrefu wa gauni, akaendelea kusuka, mpaka siku alipokwama katikati ya kichwa cha mteja. Mdogo wake, aliyekuwa akimsaidia pale saluni, akakimalizia. Kiwiko kikafunga kimekunjwa. Cha kushoto hakikuchelewa.

Saluni ikachukuliwa na mtu mwingine. Malkia akabaki nyumbani, amesimama kando ya dirisha, mikono imekunjwa kifuani kama anayesikia baridi. Akichoka, mume humlaza kama mtu alazavyo ubao, na humwinua vivyo hivyo.

Mchana mmoja mume alikuwa akimlisha uji.

"Ningekaa," Malkia alisema. "Ningekusikiliza, ningekaa."

Fundi alitaka kumwambia kwamba hakuna aliyejua, kwamba hata daktari hakujua mfupa ungeelekea wapi. Badala yake akachota uji.

"Kula," alisema.

Malkia akafungua kinywa. Kijiko kikagonga meno. Mume akafikiri ni haraka yake, akajaribu tena, kikagonga tena. Akaweka kiganja kwenye taya la mkewe, chini ya sikio. Palikuwa pa moto.

Wakatazamana.  Fundi akakigeuza kijiko upande, akaumimina uji polepole kwenye upenyo uliobaki.