Funda la Watson

Itumba nzima ikipekuliwa, moyo usio na kinyongo utakutwa kwa Watson tu. Ndivyo alivyotangaza mwenyewe jioni ile, kifua mbele, huku dada yake Gwantwa akijiandaa kuolewa kesho yake Tunduma.

Shangazi Ruti aliweka kibuyu cha maji katikati ya mkeka. Kanisani walishamwombea bibi harusi. Hii ilikuwa zamu ya nyumbani. Kwao, mdomo unaolaani ndio huohuo unaobariki, ila haubariki kabla hasira haijatoka. Kila ndugu wa damu anaitapika yake waziwazi, kisha anapiga funda la maji na kulipuliza chini. Ukimeza, umebaki nayo, na bibi harusi anaondoka na moto wa kwao mgongoni.

Gwantwa akaanza.

"Kaka, wewe ni nyoka! Ulimwambia mchumba wangu Kefa kwamba nilimpiga mama kwa mwiko. Ulitaka aniache! Ulitaka nizeekee hapa nikikusongea ugali!"

Akapiga funda. Pfuu! Mabega yakamshuka. "Basi. Sina neno nawe tena."

"Watson," shangazi akasema.

Kifuani mwa Watson mlikuwa mnachemka. Tangu amalize kidato cha nne, ni yeye aliyeipogoa ile mibuni ya baba kule mlimani, ni yeye aliyeibebea samadi mpaka shingo ikapinda. Halafu baba, kabla hajafa, akampa Gwantwa shamba zima, eti Watson ana mdomo, hatakosa kula! Kila akipita pale alitamani kung'oa shina moja moja. Lakini aseme leo, baada ya majigambo yote yale?

"Mimi sina kitu. Aende kwa amani."

"Kaka, nakuomba," Gwantwa akasihi. "Nitukane. Nitukane niende salama!"

"Nikutukanie nini, malaika wangu?" Akacheka, akapiga funda, akainama. Pfuu! Kubwa kuliko ya dada yake.

Dina, mkewe, aliyeketi ubavuni pake, akapitisha kiganja sakafuni mbele ya mumewe. Akakiinua, kila mtu akione.

"Vumbi kavu tupu! Kila siku ananisagia meno kitandani kwa ajili ya mibuni, hapa anajifanya mtakatifu. Shangazi, huyu amemeza!"