Mapinduzi ya Upawa

Mzee Ildefons Kahangwa hakuwa mfalme wa mahali popote, ila hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha kitongoji chao huko Kamachumu, tangu enzi ambazo Benigna alikuwa bado anaruka kamba shuleni. Watu walimsalimia "Kaboneka Lugaba", salamu ya wakama, wafalme wa zamani: mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea, mwishowe kwa woga. Msibani alikuwa na kiti chake chenye mikono, na chakula hakikupakuliwa mpaka afike, aketi, aonje, kisha aitikie kwa kichwa.

Na mzee huyo alikuwa bingwa wa kuchelewa. Siku ya mazishi ya marehemu Gamaliel alikuwa Bukoba mjini kwa fundi, anapunguziwa koti. Waliochimba kaburi walikaa na matope yao miguuni, wakiyakodolea macho masufuria ya ndizi na maharage yanayopoa. Benigna, mjane mwenye ulimi ambao paroko mwenyewe aliwahi kuuombea, alikuwa jikoni. Nyumbani alimwacha mama mkwe wake, Bibi Annastella, kitandani, hali si nzuri. Akawaza: hivi na huyu wangu, aliyenipokea kama mwanawe, watu watamzika na njaa wakimsubiri fundi cherehani?

Akashika upawa, akafunua sufuria, akawapakulia wachimba kaburi.

Kisha mtu akapiga vigelegele, msibani, Mungu atusamehe, na mapinduzi yakaanza. Kahangwa alifika na koti lake jipya akakuta kiti kimerushwa kwenye migomba na watu wanalamba vidole. Alitengwa papo hapo, kwa kura ya mikono yenye mchuzi.

Kutengwa si mchezo. Huku mtu atavumilia kukosa umeme, atavumilia kukosa mvua, hata mume atamkosa na maisha yatasonga. Kukosa watu wa kukuzika, hapana.

Ikaundwa Kamati ya Ukombozi. Benigna akawa mwenyekiti, na katibu akawa Mwalimu Projestus, mstaafu aliyefundisha historia maisha yake yote na sasa alikuwa na hamu ya kuiona kwa macho.

"Kila mapinduzi yana wasaliti," alisema. "Tukiwatafuta tutawapata."

Akawatafuta, na kweli akawapata. Elieza alitengwa kwa sababu alikutana na Kahangwa njiani, ulimi ukateleza, akamwambia "Kaboneka". Jovitha, jirani na shoga wa Benigna, alitengwa kwa kuwapakulia ndugu zake minofu na wengine mifupa. Benigna alinyoosha mkono kumtetea Jovitha wake, akaona macho ya Mwalimu, akajikuna shingo. Aibu hiyo alilala nayo. Aliyeuliza kwa nini watu wanatengwa, naye alitengwa. Katibu alikuwa akiwatoa kwenye kundi la WhatsApp kwa kidole kimoja, huku anakunywa chai.

Halafu akafariki mume wa Edvina. Waliotengwa walikuja wanataka kupakua. Waliobaki wakasema haiwezekani. Kahangwa alivutwa koti mpaka mshono wa Bukoba ukaachia. Miiko ikaruka, migomba ikakatwa kwa ajili ya silaha, Uledi, mmoja wa waliobaki, akapoteza jino, na waliobeba jeneza wakaliweka chini kwanza ili nao wapate nafasi ya kupigana. Edvina mjane alisimama juu ya benchi akalia, "Nyie, mnamzika mume wangu au mnazikana wenyewe?" Hakuna aliyemsikia. Yule marehemu alizikwa jioni na mapadri wawili na dereva wao.

Benigna alirudi nyumbani na nundu usoni. Hakukaa wiki, akatengwa na yeye: alionekana akimpelekea Kahangwa uji, mzee akiwa na malaria. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Chama kikabaki na Mwalimu na Uledi, na inasemekana kila mmoja alikuwa ameandaa hoja ya kumtenga mwenzake.

Bibi Annastella alizisikia habari hizo zote kutoka kitandani.

"Benigna, nikifa nani atanichimbia?"

Benigna alijaribu kuhesabu, akashindwa kupata hata wa kuanzia. Machozi yakamtoka. "Sijui, maawe, mama yangu. Nimekuharibia."

"Basi sifi," alisema bibi kwa hasira. "Nilete uji." Alikunywa, akafikiri, kisha akasema, "Hebu toka nje ulie. Lia yowe la msiba. Tuone."

"Mama! Ni uchuro!"

"Uchuro ni kuozea kitandani. Lia!"

Benigna alitoka hadi ukingoni mwa kibanja cha migomba, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Alianza kwa kuigiza, lakini katikati likageuka la kweli, maana hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya kuigiza. Kisha akanyamaza, akasikiliza.

Mara migomba ikatikisika. Wa kwanza kutokea alikuwa Kahangwa, peku, jembe begani, anahema. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwahi. Nyuma yake Jovitha na mkungu wa ndizi kichwani. Elieza. Uledi na pengo lake. Mwisho Mwalimu Projestus, analia mpaka miwani imejaa ukungu, akimshika Kahangwa mkono na kumwita "mzee wangu".

Bibi Annastella akatokea mlangoni na fimbo yake.

Elieza alikimbia. Mwalimu alikaa chini bila kuchagua pa kukaa.

"Mmekuja," alisema bibi, akiwatazama mmoja mmoja. "Sawa. Mnaweza kurudi nyumbani."

Walimtukana Benigna njia nzima ya kurudi, wakaapa hawatamsikiliza tena hata akiungua moto. Lakini walitukana kwa pamoja, na hilo halikuwa limetokea siku nyingi.

Bibi alifariki mwezi uliofuata, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Benigna. Benigna alitoka nje na sauti ikagoma. Nani angemwamini? Alijikaza, likatoka yowe dogo, la kukwaruza, ambalo hata kuku hawakulishtukia.

Jovitha alifika anakimbia, khanga upande, jembe mkononi, na wengine nyuma yake.

"Benigna, leo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hata ingekuwa uongo," alisema Jovitha, akamkumbatia, "tungefanyaje? Yowe ni yowe."