Wimbi la Hamsini na Nane

Kioo cha kompyuta kilikuwa kijani kitupu. Njia ileile ya vumbi ilijipinda kutoka getini hadi kwenye nyumba, lakini kando yake hapakuwa na mnara hata mmoja, na juu, palipopaswa kusomeka wimbi la hamsini na nane, paliandikwa wimbi la kwanza. Nilitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Dada yangu alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, pengine kifua kimeshafunguliwa, na mimi nilikuwa nimemfutia kila kitu.

Wakati huo tulikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi, mimi na yeye, kompyuta mbili na mashine moja iliyokuwa ikitafuna karatasi ikijisikia. Sheria ya duka aliitunga yeye: mteja akiinuka tu, unafuta nyayo. Yaani unaingia kwenye kivinjari na kufuta yote aliyofungua, barua zake, picha ya kitambulisho, nywila, asije anayefuata akayakuta. Kwa miaka sita mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani.

Na mchezo wa dada uliishi humohumo kwenye kivinjari, pamoja na hatua zote alizofikia. Tulijaribu mingi ya namna hiyo, wa maputo, wa wadudu, wa majoka, lakini huu ndio aliourudia kila wateja walipopungua. Unajenga minara kandokando ya njia, maadui wanakuja kwa mawimbi, na kila anayepenya anakuzimia moyo mmoja kati ya ishirini. Maadui hao yeye aliwaita wakwe. "Haya, wakwe hao, na mizigo yao!" alikuwa akisema, nami nacheka mpaka nakosea kupanga kurasa.

Jioni ya kuamkia kulazwa alinishika bega. "Nilindie geti, mdogo wangu. Asipite mkwe hata mmoja mpaka nirudi."

"Na usiporudi?" Ulimi uliteleza.

"Basi utacheza mwenyewe," alisema, akaenda kutafuta mkoba wake.

Sikuwa mtu wa kuamini mikosi. Asubuhi ya upasuaji, baada ya kumkalisha mteja kwenye kompyuta ya dada kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na baada ya mkono wangu kufanya ulichozoea, niliiamini mikosi yote. Niligeuza kibao cha mlangoni, nikakaa kwenye kiti chake na kuanza kujenga. Mzinga kwenye kona ya kwanza, maana ndiko alikoanzia yeye. Mnara wa barafu pale darajani. Simu niliiweka mbele yangu, nikawa naigusa kila mara nione kama haijazima. Wimbi la ishirini lilinikuta saa sita, la thelathini saa nane kasorobo. Mkwe mmoja alipenya, moyo ukazimika, nikapiga ukelele peke yangu dukani.

Shemeji alipiga nikiwa kwenye la arobaini na moja. Alianza kwa kulia, nami nikasimamisha mchezo. Kisha akasema, "Ametoka. Anapumua mwenyewe."

Wiki saba baadaye dada aliingia dukani kwa hatua za polepole, akaketi, akafungua mchezo. Nilijifanya napanga karatasi.

"Arobaini na moja," alisema.

"Nilifuta nyayo, dada. Siku ileile. Nisamehe." Nikalia kama mtoto.

Alijikandamiza kifua kwa kiganja, maana kucheka kulikuwa bado kunamuuma. "Wewe! Umeshanifutia mara nne. Unadhani kona hizi nilizikariri vipi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekosa raha ya kazi. Nilikuwa naanza upya tu."

Mteja aliingia na barua ya kuchapa, dada akampisha kiti. Alipomaliza na kuaga, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kipanya. Dada aliuwekea wake juu, mwembamba, bado una alama ya sindano.

"Futa barua yake tu," alisema. "Hiyo minara umejenga wewe. Iache."