Trekta Katika Kila Somo

...na huyu naye kasimama tu, anatabasamu kama mtu aliyekuletea keki ya siku ya kuzaliwa, anangoja nini sasa, kupigiwa makofi?, maana Pernilla, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameiweka karatasi ya jaribio mezani kwa vidole viwili, akainyoosha kona iliyojikunja, akasema, "Jonna, hii nimekutengenezea wewe mwenyewe," na Jonna akalazimika kuitazama, kwa sababu usipoitazama atakusomea kwa sauti, na juu kabisa, pale ambapo karatasi za watu wengine huwa na tarehe, palichorwa trekta. Trekta. Tena. Tangu mwezi wa nane hajapumzishwa na trekta, kila akifungua mdomo trekta, kila akifungua daftari trekta, na wala si trekta, hilo ndilo linalomtia kichefuchefu, ni gari kuukuu la Volvo lililokatwa kiti cha nyuma, likafungwa lisizidi kilomita thelathini kwa saa, sheria ikaliita trekta ili watoto wa miaka kumi na mitano waliendeshe barabara kuu huku wenye magari halisi wakijipanga nyuma yao na kutukana, mali ya kaka yake Rasmus kabla hajaenda kazini mgodini, na Jonna analiendesha kwa sababu moja tu, kwamba basi la kijijini kwao Granträsk lilifutwa na shuleni hakufikiki kwa miguu. Chombo cha kumfikisha. Kama ni hivyo basi na buti zake ni kipaji, na soksi zake ni ndoto ya maisha, mbona hawamtungii maswali ya soksi... "Soma taratibu," Pernilla alikuwa anasema, "hakuna haraka, nimejaribu kuingiza maisha yako mwenyewe ndani, si unaona, Granträsk ipo, umbali wenyewe upo," na kweli ulikuwepo, swali la kwanza, *Jonna anaendesha trekta lake kilomita kumi na nane kwenda shuleni kwa mwendo wa kilomita arobaini na tano kwa saa*, arobaini na tano!, mama we, amemtungia kosa la jinai, amemtoa nyumbani asubuhi na kumkabidhi polisi, na Melker upande wa pili wa meza alikuwa ameshachungulia, "Pernilla, hiyo arobaini na tano ni kesi, aisee, wananyang'anya leseni hapo hapo," na Pernilla akacheka, akasema, "Lo, basi tuseme ni barabara ya kufikirika," barabara ya kufikirika, sasa si angefikiria pia na mtu wa kufikirika akamwacha Jonna alale.

Duara lile, yote yalianzia kwenye duara. Siku ya kwanza ya mwaka wa shule, viti vikapangwa mviringo, kila mtu ataje jina lake na kitu kimoja anachokipenda, watu wazima wa nchi hii hawawezi kufungua mkutano bila duara, hata msibani wangekaa duara kila mtu aseme anajisikiaje, na zamu inakuja, inakuja, unaiona ikija mtu kwa mtu nawe kichwani hamna kitu, au kimo lakini si cha kuanikwa mbele ya watu, Melker akasema kuwinda paa-pembe, wale wanyama wakubwa wa msituni wenye pembe pana, Liban akasema mpira, Liban mwenye pumu ambaye hajagusa mpira tangu darasa la nne, alisema hivyo ili apite tu, na Jonna mikono ilikuwa inanuka dizeli, akaiangalia mikono, akasema trekta, zamu ikahama, akashusha pumzi. Neno moja. Angejua angesema kulala. Neno moja walimu wakalibeba kama wameokota dhahabu, wakapelekeana ofisini, na kuanzia hapo trekta kwenye hesabu, trekta kwenye Kiingereza, trekta kwenye Kiswidi, hata kwenye somo la dini aliambiwa aandike jinsi trekta linavyoweza kumfundisha mtu unyenyekevu, na Liban anapima eneo la uwanja wa mpira wiki ya ngapi sijui, "mimi leo nina kona na penalti," alimnong'oneza asubuhi wakivua makoti, "nikifunga napata E," yaani alama ya chini kabisa ya kufaulu, na Melker ndiye peke yake anayefurahi, anagawa nyama ya paa-pembe kwa sehemu na asilimia, mate yanamtoka, na hilo linamkera Jonna kuliko yote, kwa sababu bila Melker mradi mzima wa kila mtu na kitu chake ungekuwa umeshajifia, lakini kila wakimwangalia Melker wanasema unaona, inafanya kazi. Chumba chenyewe walimo kilikuwa stoo ya skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Bado kinanuka nta. Watatu na meza moja, na mlangoni bango lenye jua linalocheka, ndiyo maana wanaitwa nyie wenye jua mlangoni, na wengine wote darasa la tisa wako ng'ambo ya ukumbi wanafanya jaribio la kawaida, karatasi ya kawaida, isiyomjua mtu.

"...ubongo wa kijana," Pernilla alikuwa anaendelea, sijui ameanza lini tena, "mhadhiri kule mjini Umeå alituambia, ubongo wa kijana unafunguka pale tu unapojiona wenyewe," ukifunguka mwambie aufunge kuna baridi, "kwa hiyo nikasema na mimi nijaribu, kwa sababu najua, Jonna, najua hesabu imekuwa mlima kwako," haya, mlima, angalau amesema kitu, kwani humu ndani hakuna anayeshindwa, neno limepigwa marufuku, kuna bado hujafika, kuna uko njiani, kuna mtu mwenye kuhitaji marekebisho, wanakupaka asali hadi puani kisha wanashangaa mbona hupumui. Na hakuwekwa humu kwa ujinga. Darasa la saba, majira ya baridi yale, mama amelazwa Umeå, Rasmus anapika tambi kila siku, Jonna aliacha kufanya kitu chochote, alikaa tu na jaketi lake, wakasema basi akae chumba kidogo muhula mmoja apumue, vizuri, asante, akapumua, mama akapona akarudi kazini kwake duka la dawa, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumrudisha Jonna darasani. Hakuna aliyekataa. Wala hakuna aliyeamua. Walimsahau kwa upole, na upole wao una kazi kweli, mtu akikutukana utamrudishia, huyu anayekuchorea trekta utamfanya nini. Na karatasi hii, ageuze aone, swali la pili lita za dizeli, swali la tatu tairi, la nne tairi tena, yote ya ngazi ya chini kabisa, hakuna hata moja la kufikia C achilia mbali A, ukipata yote umepata E, dari imeshushwa mpaka kwenye nywele, na leo ndilo jaribio la mwisho kabla ya alama, na maombi ya sekondari ya juu yanafungwa wakirudi kutoka likizo ya theluji, na mshauri wa masomo alikwishamwekea kwenye mkoba brosha ya ufundi magari, hata hakumuuliza, alimkonyeza tu, "wewe yako najua," wewe yangu unajua nini, mama wewe, mkondo wa sayansi Umeå hauchukui E ya matairi.

Hajamwambia mtu kuhusu sayansi. Wala kuhusu kile kitabu. Wenzao kwenye Kiswidi walipewa riwaya nene ya mke wa mlinzi wa mnara wa taa, wao watatu wakapewa vijitabu vyenye herufi kubwa kama za wagonjwa wa macho, chake cha mvulana anayetengeneza pikipiki na kujifunza kuhusu urafiki, phu, na Jonna akaichukua nakala moja ya ile nene iliyosahaulika dirishani, akaisoma kituo cha mafuta ndani ya Volvo, kipasha joto kikikoroma, siku baada ya siku mpaka vioo vinaingia ukungu, na mwanamke yule hakufanana naye hata kidogo, alikuwa mzee, mcha Mungu, mchoyo, hajawahi kuona gari maishani mwake, na siku aliyoizima taa kwa makusudi Jonna alilia hadi mfanyakazi wa kituo akaja kugonga kioo, "Vipi mdogo wangu, betri imekufa?" na akajibu ndiyo, betri. Kuna mahali pengine. Hicho ndicho alichokipata mle, kwamba kuna mahali ambapo hakuna Granträsk wala dizeli wala mama kitandani, unaingia na hakuna anayekuuliza unapenda nini. Na herufi ile ya hesabu, x, ndiyo vile vile, aliiona ubaoni kwenye darasa la wenzake, hawakuifuta, mlinganyo mrefu wenye mabano, aliupiga picha kwa simu akaenda nao nyumbani, akakosea, akakosea tena, akalala nao, na siku nyingine kabisa akiwa anakwangua barafu kwenye kioo akaona pale alipoipoteza alama ya kutoa, akaingia ndani na buti zake zote akaandika, x ni saba. Saba ya nini? Si ya kitu. Si saba lita wala saba kilomita, saba tupu, safi, haina harufu, na alijisikia msafi na yeye, hilo nalo utamwambia nani, utalitaja kwenye duara?

"Au picha ndiyo mbaya?" Pernilla aliuliza, sasa kwa sauti ya chini kidogo, "mimi kuchora sijui, mwanangu kaniambia linafanana na kiatu," na Jonna akaitazama picha vizuri kwa mara ya kwanza, akaona haikuchapishwa, imechorwa kwa mkono, ile pembetatu nyekundu ya nyuma inayobandikwa ili watu wajue unakwenda polepole imepakwa rangi kwa penseli ya nta, imegeuzwa chini juu, lakini imepakwa kwa uangalifu, hakuna palipotoka nje ya mstari. Mtu mzima. Amekaa jikoni kwake na penseli za mtoto. Akamtazama usoni, macho mekundu, sweta ina ute wa yai mkononi, na dharau iliyokuwa imemkaa Jonna vizuri mdomoni kama peremende ikaanza kuwa chungu, hapana, usianze kumhurumia, ukimhurumia umekwisha, utafanya matairi yake yote na kusema asante... lakini nani alimwambia? Nani alimwambia Pernilla kwamba si trekta? Tangu mwezi wa nane, nani? Liban anajua kwa sababu na yeye amenaswa, mama hajui, Rasmus anadhani gari linatunzwa kwa mapenzi, na Pernilla alifika mwaka huu tu, alikuta mtu kwenye chumba chenye jua mlangoni na neno moja juu yake, akafanya kazi na neno hilo hilo, sasa alitaka afanye kazi na nini, kimya? Na kwa nini umekaa kimya, wewe mwenye kudharau watu. Jibu basi. Alijua jibu. Lilikuwa pale muda wote. Kwa sababu karatasi ya trekta ukiikosea ni trekta lililokosea, ni Pernilla, ni mhadhiri wa Umeå, unaitupa mezani unacheka na Liban mnakwenda kula, lakini ile nyingine, ile ya ng'ambo ya ukumbi, isiyo na picha, ukiikosea hakuna wa kumcheka, umekosea wewe, na huenda ile saba ilikuwa bahati, huenda chumba hiki ndicho saizi yake na walimpima sawasawa, na akaogopa, hapo kitini, na jua linalocheka mlangoni, akaogopa kama hajawahi kuogopa barabarani gizani lori likija nyuma yake. Basi hii yote ilikuwa woga. Miezi yote ya kuwasonya ilikuwa woga uliovaa koti zuri, na chumba hiki si wao tu waliomfungia, yeye mwenyewe alikuwa ameushika mlango kwa ndani.

Liban alikuwa ameshaanza penalti zake. Melker aligawa paa-pembe huku akipiga mluzi. Saa ya ukutani haikuwa imesogea kitu, Pernilla bado amesimama pale pale, mkono juu ya kiti, tabasamu limepungua lakini halijaisha, na Jonna akafikiri, sasa nikisema haitarudi tena mdomoni, na akasema, "Pernilla, nipe ile ya wengine." Sauti ilitoka nyembamba, siyo ile aliyokuwa akiwadharaulia watu. Pernilla hakuelewa, au alielewa akaogopa kwa niaba yake, "Ile ya kawaida? Lakini Jonna, ile ni ngumu, na haina kitu chochote kinachokuhusu."

"Najua," alisema Jonna. "Naomba hiyo hiyo."