Kurasa Kumi na Sita

Fundi wa vitabu wa maktaba alikuwa na mkono mwepesi na moyo wa woga. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, kimebanana na stoo ya mafagio: meza moja, kopo la gundi, sindano, na mrundo wa vitabu vilivyochanika. Vitabu vizima hakuvijua. Kitabu kizima kilikuwa na kazi gani na fundi?

Yeye na binti yake wa miaka kumi na mitano walikuwa wagonjwa wa riwaya za upelelezi, hasa zile za kale, za watu waliouana kabla umeme haujajulikana. Walisoma nakala moja kwa zamu, mama mchana kazini, binti jioni nyumbani, kisha wakabishana wakiosha vyombo.

"Muuaji ni tabibu," mama alikuwa akisema.

"Mama, kwako kila muuaji ni tabibu! Walikufanya nini hao?"

Walicheka mpaka sahani zikawateleza. Fundi naye alicheka, ingawa sababu ya kuwachukia matabibu alikuwa nayo. Binti huyu hakumzaa yeye. Aliyemzaa ni mdogo wake, akafariki siku ya pili kwa kutokwa damu, na tabibu alifika mwili umeshapoa. Fundi alimbeba mtoto akahamia mtaa ambao hakuna aliyewajua. Alijiapiza kwamba atamwambia akianza kutembea. Alipoanza kutembea, akasema akianza shule. Shule ikaanza, na yeye kimya. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, kwamba mtoto yule akijua, ataacha kumwita mama.

Basi siku moja kikaletwa kitabu kimeng'oka jalada. Ilikuwa riwaya ya mji wa kale uliozungushiwa ukuta: mfanyabiashara wa chumvi kalishwa sumu, na msichana mmoja mdadisi anamsaka muuaji. Fundi alikisoma huku anakula, na kilikuwa kitamu kweli. Alipofika ukurasa wa mia mbili na tisa, msichana akafungua sanduku la nguo, akakuta barua, akajua kwamba mama aliyemlea ni dada wa mama yake mzazi. Fundi akarudisha tonge sahanini.

Angekiacha jinsi kilivyo! Binti angesoma, angetokwa na chozi, kisha angerudi kuuliza nani kaweka sumu. Lakini mwenye siri huona dunia nzima inamtazama yeye. Vitabu vya aina ile hushonwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita. Fundi alikata uzi, akang'oa fungu zima la kumi na nne, akashona upya na kubandika jalada. Kurasa zile alizichana vipande vipande. Mtoto akiona namba zimeruka, alijisemea, atalaumu kiwanda.

Jumamosi iliyofuata, mchana, binti alirudi kutoka maktaba akaweka vitabu viwili mezani. Vilikuwa kitabu kimoja, nakala mbili. Wakutubi walishindwa kukubaliana kama riwaya ile ni ya vijana au ya watu wazima, wakaweka nakala moja kila upande. Ile ya watu wazima haikuwahi kuchanika hata ukurasa, kwa hiyo fundi hakujua kama ipo.

"Mwanzo nilidhani kiwanda kimekosea," binti alisema. "Halafu nikaona fundo la uzi. Mama, kiwanda hakifungi fundo lako."

Fundi alivuta kiti, akakaa.

"Nikaenda kuzisoma zilizotolewa. Nikajiuliza, kwa nini hizi? Sura ya pili mtu anachinjwa, hukuigusa. Sura ya tisa watoto wanauzwa, hukuigusa. Umetoa hii tu." Alikuwa akipanga maneno kama walivyozoea kuyapanga pamoja wakiosha vyombo. "Ungeniachia, ningeisoma kama hadithi. Kweli tena, isingenipitia hata akilini."

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini?"

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka fundi.

"Ni mama mdogo, siyo? Yule wa makaburini."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kila mwaka walikwenda wawili kupalilia kaburi lile, na kila mwaka alimwambia, huyu ni mama yako mdogo.

"Mwaka jana nililalamika jua kali," binti alisema. "Nikasema tufanye haraka tuondoke, kwani tunampalilia nani. Nilikuwa nimemsimamia mama yangu kichwani, nasema vile. Na wewe ukanisikia."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mwanangu. Nisamehe."

Nje jirani alikuwa akiita watoto wake ndani, mmoja baada ya mwingine.

"Alinishika?"

"Alikushika asubuhi nzima. Nilitaka nikubadilishe nguo, akakataa kukuachia. Akasema una vidole virefu kama vya babu yako, baba yetu."

Binti alivitazama vidole vyake, ndipo akaangua kilio. Fundi aliinuka akamkumbatia kama alivyomkumbatia kwa kila homa na kila ndoto mbaya. Mtoto hakumsukuma. Alisimama tu, mikono chini, akangoja aachiwe, na fundi aliona afadhali angesukumwa.

Binti akanawa uso. Akachukua jembe dogo nyuma ya mlango. Fundi naye akainama kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

"Ningoje, nivae twende."

"Hapana." Alisema taratibu, kwa adabu yote ambayo fundi mwenyewe alimfundisha. "Leo niache niende peke yangu, mama mkubwa."