Makapteni Wawili wa Ngome Moja

Kila familia ya Waunguja iliyotua Jeddah baada ya mapinduzi ya sitini na nne ilikuja na mabegi mawili na babu mmoja mkubwa. Mabegi yamechakaa yakatupwa; babu bado anakua. Babu yake Haidar, kwa mfano, alianza kama askari wa kawaida wa Keya, lile jeshi la Waingereza lililolinda mpaka wa kaskazini mwa Kenya. Haidar alipopata kazi ya kudumu bandarini, babu akapanda kuwa sajini. Haidar alipojenga jina na kuhamia mtaa wa Al-Safa, babu akawa kapteni. Hana, bintiye, alikuwa akijisemea kimoyomoyo kwamba Mungu akimpa baba yake umri, mzee atafika ujenerali hukohuko kaburini.

Hana mwenyewe hakuwa na haja na vyeo vya maiti. Alikuwa mfamasia, amekaribia thelathini, na haja yake ilikuwa kwa mtu mmoja tu: Rayan, mhandisi wa Riyadh, Muunguja mwenziwe, waliyejuana naye kwenye harusi ya watu. Posa ililetwa ikapokewa kwa udi na halua. Lakini kwao Rayan halipiti jambo bila ya ruhusa ya bibi yake, Bi Badriya, na Bi Badriya alipiga simu kuuliza swali moja tu.

"Haidar mwanangu, sisi babu yetu alikuwa Keya, na cheti chake kiko ukutani. Nyinyi, mtanisamehe, watu wa wapi?"

Kumwuliza Muunguja wa Jeddah "watu wa wapi" ni kumvua kanzu mlangoni mwa msikiti. Haidar akajibu kwa pumzi moja kwamba babu yake alikuwa kapteni huko huko mpakani, na pensheni ya Mwingereza aliila mpaka siku ya kufa.

"Alhamdulillahi. Basi nileteeni karatasi nizione, ndipo tupange siku. Mimi magoti hayapandi ndege. Njooni nyinyi."

Mwenye binti amfuate mwenye mwana! Mambo hayo hata kwenye ndoto hayatokei. Haidar alizunguka sebuleni akitukana magoti ya watu, lakini aliona uso wa binti yake, na akajua kwamba bila ya karatasi ndoa hakuna.

Namba ya Onesmus ilitoka kwa Maryann, Mkenya anayefanya kazi nyumba ya jirani. Onesmus alikuwa karani mstaafu wa Nairobi, na kazi yake sasa ni kufukua majalada ya pensheni ya wanajeshi wa zamani kwa niaba ya wajukuu walioko ughaibuni. Haidar akaenda kwenye maduka ya kutuma pesa ya mtaa wa Sharafiya kumtumia ada yake, akasubiri. Majibu yalipofika, yalifika kwenye simu ya Hana, picha za karatasi zilizoliwa na mende pembeni, na yeye ndiye aliyemsomea baba yake mezani.

Jina: Nasoro wa Juma, wa Unguja. Hapo Haidar, kusikia jina la babu yake, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kazi: mchunga ngamia. Kichwa kikasimama. Kabila: Mnyamwezi. Jeraha: amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Sababu ya jeraha: ngamia. Ombi la pensheni: limekataliwa, kwa kuwa ngamia aliyemng'ata alikuwa mali ya Serikali na hawezi kuhesabiwa kuwa adui.

"Si yeye," alisema Haidar.

"Baba, jina lake, na la baba yake, na..."

"Nimesema si yeye! Mpigie huyo bwana."

Onesmus hakushangaa hata kidogo. "Pole sana, mzee wangu. Unajua hao wazungu walikuwa wanataka makabila fulani tu kwa jeshi, so vijana wa Coast walikuwa wanajiandikisha na kabila yoyote inaingia. Hiyo ni kawaida. Lakini usijali, niko na ingine. Ile ya officer. Clients wangu wa huko Saudi wameipenda sana."

Hana alifunga spika kwa kiganja. "Baba, tuwaambie kweli. Rayan hajali mambo haya."

"Simwozeshi Rayan peke yake, namwozesha na bibi yake. Unataka kuolewa, hutaki?"

Alitaka. Alitaka mpaka akiamka asubuhi jambo la kwanza ni kutazama simu. Basi akaondoa kiganja kwenye spika, akamwambia Onesmus ailete. Babu alidanganya kabila apate kazi, mjukuu anadanganya cheo apate mkwe, na yeye kitukuu amekaa katikati ameshika simu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ati.

Ile ya afisa ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe. Ilikuwa na nembo yenye simba, na muhuri, na Kiswahili cha hutuba. Haidar aliitia fremu Sharafiya, akaifunga kwa taulo jipya, na ndani ya ndege ya Riyadh aliipakata kama mtoto mchanga, akakataa kabisa isiwekwe juu na mabegi ya watu.

Bi Badriya aliwapokea akiwa amekaa, mdogo wa mwili, kajifunika kanga juu ya abaya. Hana alimbusu mkono. Kahawa ikazunguka, tende zikazunguka, hali zikaulizwa mpaka zikaisha. Kisha Haidar akafungua taulo taratibu, kama mtu anayejua thamani ya mzigo wake.

"Rayan, chukua umsomee bibi yako."

Rayan akachukua fremu, akasimama vizuri, akasoma. "Inathibitishwa kwamba Kapteni Nasoro, mwana wa ukoo mtukufu, aliishika ngome ya Moyale dhidi ya Wataliani, akapigwa risasi ya paja la kushoto, asianguke..." Akasita.

"Endelea," alisema Bi Badriya.

"Bibi, hii nshaisoma."

"Umeisoma wapi, nawe ndiyo kwanza unapewa?"

Rayan alitazama tu ukutani, juu ya kichwa cha bibi yake, kwenye fremu ya dhahabu iliyonunuliwa soko la Batha, na wote wakafuata macho yake. Simba yule yule. Muhuri ule ule. Ngome ya Moyale, Wataliani, paja la kushoto, asianguke. Jina tu ndilo lililobadilika.

Hana aliona dunia inamwishia palepale kwenye zulia la watu. Feni iligeuka, ikageuka tena. Bi Badriya akachukua simu yake, akatafuta namba, akapiga, akaweka spika, na mwanamke wa mashine akawaambia wote kwamba mteja wanayempigia hapatikani.

"Onesmus?" aliuliza Haidar kwa sauti ndogo.

"Onesmus," alijibu Bi Badriya.

Sasa hapo kila mmoja alikuwa na kisu na kila mmoja alikuwa na shingo. Akimfedhehesha mwenziwe, kajifedhehesha. Bi Badriya alivuta kanga yake, akakohoa.

"Ngome moja, Haidar. Makapteni wawili?"

"Zamu, Bi Badriya. Mmoja mchana, mmoja usiku."

"Ehee. Na paja?"

Haidar alifuta jasho. "Walikuwa wakisimama bega kwa bega. Risasi moja, ikapita paja la huyu ikaingia la yule. Bunduki za Wataliani zilikuwa na nguvu sana siku zile."

Bi Badriya alimtazama muda mrefu. Kisha akaanza kulia, machozi ya kweli kabisa, akafungua mikono. "Kumbe babu zetu wamechanganya damu! Na miye nauliza watu wa wapi! Nisamehe, mwanangu." Haidar naye akalia. Vigelegele vikatoka jikoni, kwa watu wasiojua kilichotokea lakini wanaojua kazi yao. Siku ya ndoa ikapangwa, na ikaamuliwa kwamba majina ya makapteni wote wawili yatachapishwa kwenye kadi za mwaliko.

Rayan alimfuata Hana ukumbini. "Wetu alikuwa mpishi," alinong'ona. "Kafukuzwa kwa kuiba sukari." Hana alicheka mpaka akaziba mdomo kwa shela. Alimpenda sana dakika ile, na hakujua kwa nini macho yalikuwa yanamwasha.

Ndani ya ndege ya kurudi Jeddah, Haidar alitazama dirishani mpaka taa za Riyadh zikapotea, ndipo akamgeukia binti yake.

"Lile jalada la mwanzo bado unalo?"

"Ninalo kwenye simu."

"Lifute. Kadi zikitoka, kila mtu atakuwa anachokonoa."

Hana alifungua picha. "Kuna barua ya babu mwenyewe humu. Karani kamwandikia, yeye katia dole gumba. Sikukusomea siku ile, ulikuwa na hasira."

Haidar hakusema soma wala usisome. Hana akasoma.

"Mimi Nasoro wa Juma nimechunga ngamia wa Serikali toka Wajir mpaka Moyale, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kiu. Mkono wangu sasa haushiki jembe. Nina mtoto, nataka aende chuoni..." Aliendelea mpaka mwisho, kwa sauti ya chini, na midomo ya baba yake ilikuwa inamfuatisha.

"Alikuwa akinivusha njia kwa mkono ule," alisema Haidar. "Vidole viwili. Nilikuwa navishika vyote kwa ngumi moja. Akicheka yeye mwenyewe, akisema ngamia alikuwa na njaa kuliko Mtaliani."

"Kwa hiyo ulijua."

"Futa, mwanangu."

Hana alifuta, kwa sababu alimpenda Rayan na alitaka harusi yake. Akafuta na kwenye pipa la taka la simu, kisha akaigeuza simu juu chini mapajani.

Baada ya muda Haidar akamgusa kiwiko.

"Pale mwishoni, kwenye ile barua. Alisema anawaomba, au anawadai?"

Hana alifungua mdomo ajibu. Alijaribu kuiona ile karatasi, mstari wa mwisho, juu kidogo ya lile dole gumba.

"Sikumbuki, Baba," alisema.